Namna ya kuipunguzia Dar moshi: anzia penye moto

Naandika hii kwa ajili ya watu wa kawaida wa Dar, wajumbe, wenyeviti wa mitaa, akina mama wa vikoba, vijana wa boda, walimu, yaani yeyote ambae akisikia "jiji lipunguze hewa ukaa", yaani ile gesi inayotoka vitu vikiungua na kuipasha dunia joto, anaona hilo ni jambo la waziri na watu wa mikutano ya Ulaya. Linakuhusu sana tu. Na nimeshakaa kwenye vikao vingi vya namna hii, mazungumzo yakianza watu wanarukia paneli za sola na magari ya umeme, vitu vizuri kabisa, ila bei ikitajwa kila mtu anainuka anaenda zake na mwaka unaisha hamna kilichofanyika. Mi nashauri tuanzie kwingine.

Anzia penye moto. Chukua daftari, zunguka mtaa wako siku moja toka alfajiri mpaka usiku, andika kila mahali kitu kinapoungua. Jiko la mama ntilie, kuni za shule, daladala limewashwa na limesimama, boda pale kijiweni, jenereta la saluni umeme ukikatika, rundo la taka linalofuka nyuma ya ukuta. Na vinavyooza andika pia, mabaki ya sokoni na ya kwenye migahawa, hivyo havina moto ila hewa yake ni mbaya kuliko moshi, nitaeleza mbele.

Alafu pembeni ya kila kitu andika nani anaamua. Watu wengi hapa wanaruka na ndo wanapokwama. Bwawa la umeme linaamuliwa na serikali kuu, wewe na diwani wako hamlijengi. Lakini soko, jalala, kibali cha ujenzi, shule ya msingi, kijiwe cha boda, hivyo vipo chini ya manispaa au chini ya watu wenyewe. Dar tuna Ilala ambayo toka 2021 ndo inaitwa Jiji, kuna Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, kila moja ina baraza lake la madiwani na bajeti yake, kwahiyo ukisema "jiji lifanye" jua unaongea na mlango upi.

Namba chache za kukariri ili ukiongea usikike. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa hewa ukaa kilo 2.3, lita ya dizeli kilo 2.7. Watu wananibishia kila siku, lita yenyewe haifiki kilo moja itatoaje kilo mbili, jibu ni kwamba kaboni ya kwenye mafuta ikiungua inashikana na oksijeni ya hewani na uzito mwingi unatoka huko hewani. Mkaa kilo moja ukiungua jikoni unatoa karibu kilo 3, na hapo hatujahesabu kilichotokea porini.

Kitu kingine cha kuelewa kabla hujaenda mbele ni kwamba umeme wetu umebadilika. Toka 2004 gesi ya Songo Songo ilipoanza kuwasha mitambo ya Ubungo, alafu baadae Kinyerezi na bomba la kutoka Mtwara, umeme mwingi wa Dar ulikua unatoka kwenye gesi, na mvua zikikosa kwenye mabwawa madogo tunaingia mgao. Saivi kuna Bwawa la Nyerere kule Rufiji, mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115, wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Maana yake uniti unayonunua leo kwenye luku ina moshi mdogo kuliko uniti ya kabla ya bwawa hilo, kwahiyo kuhamisha moto wa jikoni na wa boda kwenda kwenye umeme leo kuna maana ambayo zamani haikuwepo. Ndo maana mpangilio wangu uko hivi.

Jikoni

Kama una nguvu ya kufanya kitu kimoja tu mwaka huu fanya hiki. Dar ndo inakula sehemu kubwa ya mkaa wa nchi hii, magunia yanaingia usiku kwa malori na alfajiri kwa pikipiki kutoka Kisarawe, Rufiji, Kilwa, Handeni, Morogoro, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iliyo hapo jirani tu ilishaliwa sana. Mkaa ni mti unaochomwa mara mbili. Mara ya kwanza kwenye tanuri la udongo porini, ambako kuni kilo 5 mpaka 10 zinaishia kuwa mkaa kilo moja na nyingine zote zimepaa, mara ya pili kwenye jiko lako. Na anaeuvuta ule moshi ni mama na mtoto aliembeba mgongoni, hilo linaniuma kuliko hizo kilo zote.

Sasa namna ya kufanya. Usimwambie mtu atupe jiko lake la mkaa. Nimejaribu hivyo na watu wanakuona adui, na wana haki, jiko la mkaa linaivisha sufuria kubwa, halikatiki, na kisado cha mkaa unanunua kwa hela ya leo. Badala yake hamisha chungu kimoja. Shangazi yangu anauza chakula Buguruni, wali, ugali, maharage, mchicha, na tulipokaa kuhesabu tukaona maharage peke yake ndo yanakaa motoni toka saa kumi alfajiri mpaka saa tatu. Tukahamisha maharage tu yaende kwenye presha kuka ya umeme, vingine vikabaki palepale. Baada ya wiki mbili yeye mwenyewe akaanza kuuliza kama makongoro yanaingia mule, baada ya mwezi makande yakahamia, na mkaa aliokua ananunua visado vitatu kwa siku ukashuka ukawa kimoja na siku nyingine nusu. Hakuna aliemlazimisha.

Presha kuka ya lita 6 huwa ni wati 1000 hivi ila haili wati zote muda wote, ikishapata presha inajizima na kujiwasha yenyewe, maharage nusu kilo yaliyolowekwa usiku yanaiva kwa kama nusu uniti. Ukinunua umeme wa elfu moja kwa bei ya kawaida unapata uniti 2.8, kwahiyo chungu hicho hakifiki shilingi 200. Piga mwenyewe hesabu ya mkaa wa kuchemshia maharage hayohayo.

Ila kuna mambo matatu yatakukwamisha, yajue mapema.

La kwanza ni wale walio kwenye bei ndogo ya luku, ile ya uniti 75 kwa mwezi ambayo elfu moja inakupa uniti nane na kitu. Ukivuka 75 unahamishiwa bei ya juu na watu wanaogopa hilo, kwa haki kabisa. Hesabu kwanza. Kama taa, tv na friji dogo vinakula uniti 40, ukiongeza chungu kimoja kwa siku cha nusu uniti ni 15 kwa mwezi, unafika 55, upo salama. Ukiongeza pasi ya kila siku, hita ya maji na jiko la koili, unavuka, na jiko la koili ndo mlaji mkubwa hapo, hilo silishauri kwa mtu wa bei ndogo.

La pili ni nyumba za kupanga. Vyumba nane, luku moja, kila mwezi ugomvi, na mwenye nyumba ameshaweka sheria hakuna kupikia umeme. Hapa ushauri wangu ni mita ndogo za kila chumba, fundi umeme mwenye leseni anafunga, kila mtu anaona anachokula na ugomvi unaisha, na mwenye nyumba akielezwa vizuri na wapangaji wote kwa pamoja huwa anaelewa sababu hata yeye amechoka kusuluhisha. Mpangaji mmoja akienda peke yake anaambiwa ahame. Nendeni wote.

La tatu ni nyaya. Nyumba nyingi za zamani Magomeni, Temeke, Manzese zina waya mwembamba na soketi imeungua pembeni. Presha kuka ichomekwe ukutani moja kwa moja, isichomekwe kwenye ekstensheni zile za kununua barabarani ambazo waya wake ni kama uzi. Hili naomba msilichukulie poa, moto wa nyumba unaua.

Kuhusu gesi ya mtungi. Hiyo nayo inatoka kwenye mafuta ya ardhini, siwezi kukwambia ni safi kabisa, lakini gesi kilo moja inafanya kazi ya mkaa kilo 4 au 5 kwasababu jiko la mkaa linapoteza joto jingi sana, na moshi ndani ya nyumba unaisha. Kwahiyo kwa chapati, chai ya haraka, kukaanga, gesi ni sawa kabisa na ni hatua kubwa. Tatizo la gesi ni kujaza mtungi kwa mkupuo wakati mkaa unanunuliwa kwa kupimiwa. Kikoba cha watu kumi wakiweka mia tano mia tano kila siku, mitungi ya kilo 6 inajazwa kwa zamu na hakuna anaerudi kwenye mkaa katikati ya mwezi. Pia kuna mitungi yenye mita ambayo unalipia kwa simu kidogo kidogo kadri unavyopika, kama imefika mtaani kwenu iulizie.

Mkaa mbadala, uliza umetengenezwa na nini. Wa vifuu vya nazi, pumba za mpunga, maranda ya mbao, huo ni mzuri, ni taka zimegeuka nishati. Wa makaa ya mawe unaokoa miti ila kaboni yake imechimbwa ardhini, kwa hewa ukaa hujapunguza. Na kwa yule ambae bado hawezi kutoka kwenye mkaa kabisa, jiko bora lenye udongo ndani badala ya bati tupu linapunguza mkaa kwa theluthi hivi, na sufuria ifunikwe, mfuniko ni bure.

Shule, vyuo, magereza, kambi, hizi taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishapewa agizo la kuacha kuni na mkaa, na nchi ina mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 ambao lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Kwahiyo mzazi ukienda kwenye kikao cha shule kuuliza "jiko letu limefikia wapi" hauleti fujo, unakumbushia agizo lililopo. Nenda na hesabu ya kuni wanazonunua kwa muhula, mkuu wa shule mara nyingi hajawahi kuiona ikiwa imejumlishwa pamoja.

Barabarani

Piga hesabu ya mtu mmoja anaetoka Mbezi kwenda Posta na gari yake, kama kilomita 25 kwenda na 25 kurudi, kwenye foleni gari inakwenda kilomita 8 kwa lita, hiyo ni lita 6 na zaidi, karibu kilo 14 za hewa ukaa kila siku ya kazi, mtu mmoja, siti nne tupu. Basi refu la mwendokasi linabeba watu zaidi ya 100 kwenye nafasi ya barabara ya magari machache. Mwendokasi ilianza Mei 2016 na njia ya Kimara mpaka Kivukoni pamoja na matawi yake ya Morocco na Kariakoo, jumla kilomita kama 21, na mwaka 2018 Dar ilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa ajili yake, jiji la Afrika hilo, mimi nilijisikia fahari na bado najisikia. Njia zimeongezwa kwenda Mbagala na nyingine, na kwa Mbagala yameletwa mabasi ya gesi.

Ila basi zuri halisaidii kama mtu hafiki kituoni. Hapa ndo mtaa wenu unaweza kufanya kitu bila kusubiri mradi. Pimeni njia ya kutoka katikati ya mtaa mpaka kituo, tembeeni na mama mwenye mtoto, na mzee, na mtu wa kiti cha magurudumu kama yupo. Mtaro uko wazi wapi, gari zimepaki juu ya njia ya miguu wapi, giza liko wapi usiku, jua linachoma wapi bila kivuli. Hivyo vinne ndo vinamfanya mtu apande boda ya buku kwenda kituoni au aamue kununua gari. Zege la kufunika mtaro na miarobaini kumi ni hela ndogo sana ukilinganisha na barabara.

Boda. Kijana anaeshinda barabarani anakunywa kama lita 3 kwa siku, siku 300 kwa mwaka hiyo ni zaidi ya tani 2 za hewa ukaa kwa boda moja. Na hizo lita 3 ndo zinazomla kipato chake. Boda ya umeme inatumia kama uniti 3 au 4 kwa kilomita 100, kwahiyo hata usipomtajia mazingira kabisa hesabu inamuingia. Kinachowatia hofu ni betri kuisha Goba saa tano usiku. Ndo maana ushauri wangu ni kijiwe kizima kihame pamoja au angalau nusu yake, hapo anaebadilisha betri anaona kuna wateja wa kutosha kuweka kituo karibu, lakini boda mmoja mmoja aliesambaa mji mzima hawezi kupata huduma hiyo na ataishia kuirudisha pikipiki.

Gari na bajaji za gesi asilia, naziunga mkono kama daraja. Hewa ukaa ya gesi hiyo ni pungufu kwa robo hivi ukilinganisha na petroli, ni ya kwetu na dereva anaokoa hela nyingi, foleni za kujaza pale vituoni zinaonesha watu walivyoipenda. Wanaofunga mfumo wafunge kwa mafundi wanaotambulika, mtungi wa gesi unataka ukaguzi, na uvujaji unakula faida hiyo sababu gesi hiyo ikipaa bila kuungua inapasha joto kuliko hewa ukaa. Safari za mbali za Morogoro na Dodoma treni ya umeme ipo toka 2024, itumie.

Taka

Hapa ndo penye kitu ambacho watu wa Dar wengi hawakijui. Taka zetu zaidi ya nusu ni vyakula, maganda ya ndizi, mabua ya mahindi, mboga zilizoharibika, vifuu. Vikifika dampo la Pugu Kinyamwezi vinafukiwa na taka nyingine juu, hewa haiingii, vinaoza vikiwa vimebanwa na vinatoa methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 inapasha joto karibu mara 28 ya hewa ukaa, na kwa miaka 20 ni mara 80 hivi. Ganda la ndizi lililooza kwenye hewa ya wazi shambani halifanyi hivyo. Ganda ni lilelile, tofauti ni limeozea wapi.

Dampo la zamani la Mtoni lilipofungwa liliwekewa mabomba ya kukusanya ile gesi na kuichoma, kwahiyo jambo hili Dar tulishaligusa. Na kule Mabwepande Kinondoni kuna kiwanda cha mboji kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani ambao ni ndugu zetu toka 2010, kinachukua taka za masokoni kinageuza mbolea. Lakini kiwanda kinataka taka zilizotengwa, ukimpelekea mchanganyiko wenye chupa na nepi umemharibia. Kwahiyo kazi ya kwanza iko sokoni na majumbani.

Sokoni anzeni na soko moja, la ndizi au la mboga, Mabibo au dogo zaidi la mtaani kwenu. Mkae na uongozi wa soko, mapipa mawili kila baada ya meza kadhaa, moja la vinavyooza moja la vingine, na rangi tofauti kubwa inayoonekana. Msitegemee kibao cha maandishi. Mtu muhimu kuliko wote hapo ni yule kijana wa mkokoteni anaezoa, akilipwa kwa gunia la taka safi zinazooza kuliko gunia mchanganyiko ataisimamia kazi yote yeye mwenyewe, asipolipwa tofauti atamimina vyote pamoja jioni na mtakua mmecheza. Waokota makopo pia washirikishwe toka siku ya kwanza, wao ndo wamekua wakitenga taka za jiji hili miaka yote bila kuambiwa asante.

Mboji yenyewe si kazi ngumu. Tafuta sehemu yenye kivuli, weka chini vijiti ili hewa ipite, alafu tabaka la taka mbichi na juu yake tabaka la vitu vikavu kama majani, maranda, maboksi yaliyochanwa, kavu ziwe kama mara mbili ya mbichi kwa ujazo. Kamata konzi ukamue, likitoka tone moja mawili unyevu ni sawa, likichuruzika ongeza kavu, likiwa vumbi nyunyiza maji. Rundo liwe na urefu wa mita moja hivi, dogo halipati joto. Siku ya tatu ya nne ukiingiza chuma ndani kikatoka cha moto mpaka hushiki, linafanya kazi. Geuza kila wiki. Likinuka vibaya maana yake limekosa hewa, geuza uongeze kavu, nyama na samaki msiweke sababu ya panya. Miezi miwili mitatu unapata udongo mweusi unaonukia kama msitu baada ya mvua, na wauza miche wa barabarani wananunua. Wafuga kuku wanaweza kuchukua mabaki ya hoteli wakafugia wale funza wa nzi weusi, kuku wanawapenda na chakula cha kununua kinapungua.

Na kuchoma taka uani tuache jamani. Plastiki inayoungua saa kumi na mbili asubuhi mtoto anaivuta akienda shule.

Joto la nyumba

Kila jengo jipya la vioo linaloota Dar ni AC nyingine zinazokula umeme mchana kutwa. Wazee wetu wa pwani walijenga na baraza, kuta nene, matundu juu ya dirisha, paa la makuti, nyumba ikawa inapumua. Sasa ukijenga, nyumba yako iwe na kuta ndefu zinazotazama kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na jioni lisipige upana, madirisha yapokee pepo za kaskazi na kusi, bati liwe la rangi nyepesi au lipakwe nyeupe, kuwe na dari na matundu ya kutoa joto. Hapa manispaa ina nguvu kubwa sana kwasababu kibali cha ujenzi kinatoka kwake, mchoro wa ghorofa la vioo vitupu bila kivuli unapita mezani kwake kwanza.

Kama AC ipo weka nyuzi 25 au 26 na feni juu yake, safisha chujio kila mwezi, ukinunua mpya chukua ya inveta, ile inayopunguza nguvu yenyewe chumba kikishapoa. Alafu kuna hili la mafundi friji, nawaomba sana. Ile gesi ya kupoozea ukiiachia hewani ili ujaze mpya, kilo moja tu ya aina nyingi zinazotumika inapasha joto sawa na zaidi ya tani moja ya hewa ukaa. Inabidi inyonywe kwenye mtungi, mashine zipo. Friji la mtumba lililochoka linakula umeme na linavuja, bei yake ndogo unailipa luku kila mwezi.

Sola na miti

Sola naiweka hapa mwisho ila sio kwamba haina kazi. Paneli za kilowati moja Dar zinakupa kama uniti 4 kwa siku. Zinalipa haraka sehemu ambayo umeme unatumika mchana, shule, zahanati, ofisi, kiwanda, karakana, kwasababu huhitaji betri kubwa. Nyumba ya mtu anaerudi saa moja usiku betri ndo zinakua gharama, huyo aanze na taa za LED na jikoni. Hoteli na hosteli waweke hita za maji za sola juu ya paa, hizo hazina mjadala.

Mikoko ya Kunduchi, Mbweni, Mtoni Kijichi, kwanza isikatwe, sababu kaboni yake nyingi iko kwenye tope chini na ukikata tope linaachia. Kupanda ni baadae, na ukipanda panda mkoko au mkandaa pale ilipokuwepo zamani, muulize mvuvi mzee atakuonesha, usipande juu ya nyasi za bahari.

Hela na karatasi

Manispaa zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ilisimama kidogo ikarudi 2024. Kikundi cha mama lishe watano wanaotaka presha kuka kubwa, kijiwe cha boda kinachotaka kuhamia umeme, vijana wa mboji, wote hao wanaingia humo kama wamejisajili kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na wana andiko la mradi. Andiko lao liwe na ile hesabu ya daftari, mkaa wa siku, lita za siku, bei ya sasa na bei ya baada, si hadithi ndefu ya mabadiliko ya tabianchi. Afisa anataka kuona mkopo utarudije.

Kwenye mkutano wa mtaa usiende na mambo kumi. Nenda na moja, lenye namba, lenye mtu wa kulisimamia, kwa mfano "soko letu linatoa mikokoteni 6 ya taka zinazooza kila siku, tunaomba eneo la mita ishirini kwa ishirini nyuma ya ofisi na mapipa kumi na mbili". Hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari, omba nakala, ipige picha kwa simu, moja mpe diwani mkononi kabla bajeti ya manispaa haijaanza kupangwa maana ikishapita inabidi usubiri mwaka mzima. Alafu baada ya miezi sita zunguka tena na lile daftari toka alfajiri mpaka usiku, mtaa uleule, uhesabu mioto iliyobaki.